Nyumba Yangu Ilipoitwa Urithi

Walioniletea balaa nitawataja kwa vyeo, majina wanayajua wenyewe: mwenyekiti wa klabu, katibu wake, na shemeji yangu.

Klabu ilikuwa ya kulinda mahali pa zamani pa Kibera. Mwenyekiti aliishi Kawangware, na mikutano ya kuilinda Kibera ilifanyiwa hukohuko, kwenye kituo cha matatu cha 56, nyuma ya duka lake la mabati na misumari. Katibu alikuwa wa Ayany, mtaa wa nyumba za mawe unaopakana nasi. Alituona kila asubuhi kutoka dirishani kwake, kwa hivyo akahesabiwa mtaalamu wetu.

Nyumba yangu ilikuwa ya udongo, moja ya zile za kwanza upande wetu wa reli. Marehemu mume wangu aliinunua ikiwa tayari imeinama. Hiyo miaka ya tisini mvua ikikatika nje, ndani ilikuwa inaendelea. Nilikuwa nimeshaongea na fundi aje abadilishe mabati, ndipo hao wawili wakatokea na rangi nyekundu, wakaandika ukutani kwa herufi kubwa: NYUMBA YA URITHI.

Nikauliza maana yake. Katibu akasema ni heshima. Nikauliza kama heshima inazuia maji. Mwenyekiti, mtu anayekula kwa kuuza mabati, akasema mabati mapya yataharibu historia, nisiguse kitu.

"Mama, wewe sasa ni mlinzi wa historia," akaniambia.

Walinzi wa Ayany hupewa koti la mvua. Mimi sikupewa.

Hawa watu walisoma sana, lakini neno lenyewe hawakulijua. Kwetu magharibi, ukiandika urithi kwenye nyumba ya mjane, hujaandika mambo ya makumbusho. Umetangaza kwamba mjane anatafuta mwanamume wa kumrithi, na nyumba itaenda pamoja naye. Majirani wakaanza kunipa pole na hongera kwa pumzi moja. Jirani muuza mboga aliniuliza kama ninataka mrefu au yeyote tu.

Jumapili akaja shemeji, mdogo wa marehemu, seremala wa Kawangware ambaye nilimkataa tangu matanga. Alikuwa na godoro kichwani.

"Shemeji, si ungenitumia mtu tu," akasema. "Kuandika ukutani mpaka makanga wa matatu wasome?"

Nikamwambia ni klabu imeandika.

"Basi klabu imekuonea huruma."

Akatandika godoro hapo mlangoni, akakaa, akaanza kunieleza chumba gani atapangisha.

Nikaenda 56 kumwomba mwenyekiti afute. Akakataa. Picha ya ukuta ilikuwa imeshatumwa ng'ambo na wageni walikuwa njiani. Kuhusu shemeji, aliuliza tu kama anaweza kuvaa ngozi za mila mbele ya wageni.

Wageni walipofika, shemeji alisimama akajitambulisha kuwa mrithi. Mwenyekiti akasema mrithi ni klabu. Wakabishana, kila mmoja ameweka mkono kwenye ukuta wangu, na katibu akawatafsiria wageni kwa Kiingereza kitamu, wakatabasamu. Nikajionea: nyumba ina warithi wawili na mwenyewe bado anapumua.

Nikachukua karai, nikachanganya udongo na maji, nikaanza kukandika ukuta. Nilianza na N. Wageni wakapiga picha. Mwenyekiti alinyoosha mkono kunizuia, lakini wageni wakapiga makofi, ikabidi aseme ni mila, iko kwenye ratiba.

"Endelea, mama," akasema, amekaza meno.

Nikaendelea mpaka ile I ya mwisho.

"Shemeji, umefuta nini sasa?" akauliza yule wa godoro.

"Nimefuta ndoa yako."

Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mgeni mmoja akauliza nyumba ya urithi ni ipi kati ya hizi. Katibu akatazama ukuta wangu, akatazama wa jirani. Shemeji naye akabeba godoro lake, likidondosha udongo wangu, akawafuata wageni. Baadaye klabu ilimpa ngozi na cheo cha mzee wa mila. Mke hajapata.

Kesho yake fundi akapanda juu. Katibu akapita akielekea kazini, akasimama, akasema kwa uchungu kwamba ninaiua historia.

Nilimwambia aache maneno, ashike ngazi.