Kurios kwa Herufi Kubwa na Ndogo

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, Nakuru, miaka ya hamsini, Fundi Mkuu alinisimamisha mbele ya masanduku mawili ya herufi za risasi. La juu lilikuwa la herufi kubwa, la chini la herufi ndogo. Kazi yangu ilikuwa kupanga chapa, yaani kuokota herufi moja moja na kuziunga kuwa mistari.

"Bwana wa mbinguni mchukue juu," akaniambia. "Bwana wa shamba mchukue chini. Ukikosea hapo hatutaelewana."

Nilifuata sheria hiyo karibu miaka miwili. Kisha mzungu mmoja mwenye shamba huko Kuresoi akaleta tangazo la wafanyakazi wake: bwana ameagiza hivi, bwana amekataza vile. Nikalipanga kwa b ndogo. Wiki iliyofuata akarudi nalo mkononi, uso mwekundu, akitaka nifukuzwe. Meneja akaniita.

"Nani alikuambia umshushe?"

"Ndiyo sheria ya hapa, bwana."

"Panga upya kwa B kubwa, ama uende nyumbani."

Fundi Mkuu alikuwa ameinamia mashine kana kwamba hasikii. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga mtaani Bondeni. Nikapanga upya, lakini roho haikutulia.

Mwezi huohuo nikapewa kupanga habari ya mwanamke Msamaria aliyekutana na Yesu kisimani. Kila alipomwita Yesu bwana, niliacha nafasi ya herufi ya kwanza wazi. Padre Mhariri, aliyetafsiri kutoka Kigiriki, akaja na karatasi ya kusahihisha.

"Umesahau herufi?"

"Sikusahau, Padre. Huyu mama bado hajajua anaongea na nani. Nimchukulie juu au chini?"

Akaketi juu ya marobota ya karatasi. "Kwa Kigiriki ni neno moja, kurios. Mtumwa alimwita hivyo aliyemmiliki. Mgeni njiani uliweza kumwita hivyo kwa heshima tu. Na Mungu pia ni kurios. Vitabu vya kale havikuwa na kubwa na ndogo, msomaji alijiamulia."

"Na yule wa Kuresoi?"

"Yule ana shamba. Watu si wake."

"Mwambie Meneja hivyo."

Alimwambia. Tulisikia sauti zao zikipanda ofisini. Tangazo lilibaki na B kubwa, ila mimi sikufukuzwa.

Yule mama nilimwekea b ndogo, kwa kuwa kwake Yesu bado alikuwa msafiri mwenye kiu. Padre akatia sahihi, kitabu kikachapwa, kikasomwa hadi mashamba ya Molo. Hapo ndipo roho yangu ilipotulia: Yesu aliitwa kwa b ndogo, wala hakurudi kiwandani na karatasi mkononi.

Nilipanga chapa hadi nikastaafu. Siku hizi vijana sokoni huniita boss, na mwenye mkokoteni naye ni boss. Wajukuu hucheka nikiwaambia hicho ni Kigiriki safi. Juzi muuza viazi aliniuliza, "Boss, nikupimie ngapi?"

Nikamjibu, "Mbili, boss."