Mchezo Usio na Bahati

Jumatatu nilikuwa nimekaa kwenye benchi mbele ya kaunta ya ofisi moja hapa Tanga, safari yangu ya tatu kufuata muhuri mmoja. Nimechoka hata kukasirika. Mbele yangu dada mwenye ukumbi wa gemu kule Chumbageni alikuwa anaomba kibali cha mashindano.

Karani, mtu wa makamo, akavua miwani. "Gemu lenyewe lina bahati ndani yake? Maana penye bahati hapo ni kamari, na kamari siyo meza yangu."

"Halina, mzee. Lile la magari tuliliacha, aliyebaki nyuma alikuwa anaongezewa mbio na gemu lenyewe amfikie wa mbele. Hili la ngumi wote mnaanza sawa. Ukipigwa, ni mkono wako mzito kwenye vitufe. Rudianeni mara kumi, hodari ni yule yule."

Karani akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kama bao la kete. Huo ndio mchezo wa kushindania." Akaandika, akafunga faili, akalisukuma pembeni.

"Na muhuri, mzee?"

"Anao bosi. Pita Alhamisi, ukibahatika utamkuta."

Nikamsogezea nafasi kwenye benchi. "Karibu kwenye kamari, dada."