Mtaro Uliosimama Kwenye Mikorosho Yangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mlinisema sana. Mlisema bibi anazuia intaneti. Kweli nilizuia. Mafundi walikuwa wanachimba mtaro wa waya wa intaneti, wenyewe wanauita mkongo, kuupeleka zahanati na shuleni, na njia yao ilipita katikati ya mikorosho aliyoniachia mama. Nikasema hapiti mtu. Nimewalea kwa korosho, sikuwalea kwa waya. Fundi mkuu akanipa mpaka Jumamosi: wasipopita, wanahamia kijiji kingine. Basi nikafunga safari nikaone kwa macho kule walikokwisha kupita.

Alhamisi alfajiri, nikishaswali, niliondoka hapa kwetu karibu na mdomo wa Ruvuma kwa pikapu ya muhogo. Kabla ya Madimba ikakwama mchangani.

"Bibi, teremka kidogo gari liwe jepesi."

"Teremsha muhogo. Mimi nimelipa nauli."

Utingo akacheka, akasukuma mwenyewe.

Saa nne nilishuka Mtawanya, nikachukua bodaboda hadi kijijini kwa rafiki yangu Somoe, mbele ya Naliendele. Somoe tuliingia unyagoni pamoja. Ni Mmakua, mtani wangu, hata maji hakunipa kwanza.

"Mmakonde, njaa imekuleta?"

"Nimekuja kuangalia mtaro."

"Wenzako wanakuja harusini, wewe unakuja mtaroni!"

Shambani kwake mtaro umeshafukiwa, majani yameota juu yake. Mikorosho inachanua vizuri, isipokuwa mmoja umekauka upande.

"Na huu?"

"Huu walipita shinani kabisa," Somoe akasema. "Mume wangu ndiye aliyekuwa akiwasimamia, naye alikuwa na haraka ya kuona mpira."

Nikasema moyoni, hofu yangu haikuwa ya bure.

Saa nane akanipeleka ofisi ya chama cha wakulima. Watu wamejaa kwenye mabenchi, na ukutani kuna picha kubwa ya bwana shamba, yuko mjini, anaeleza namna ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho. Mimi nikadhani ni mkanda wa video. Nikasema kwa sauti, "Mashavu haya hayajashika jembe."

Kumbe yule kijana alikuwa anatuona na kutusikia kupitia huo huo waya. Akasema, "Bibi wa kitenge cha njano, jembe nimelishika. Newala, kwa mama yangu."

Chama kizima kikaangua kicheko. Nikajifunika uso kwa kitenge. Somoe akanisukuma: "Muulize sasa! Si umeanza mwenyewe?"

Nikasimama, nikamuuliza habari ya mtaro na mikorosho. Akajibu taratibu: mizizi mingi iko juu juu, inafika kilipo kivuli cha mti na kuzidi. Mtaro uzungushwe nje ya kivuli. Pakibana, uchimbwe kwa mkono, na mzizi mkubwa usikatwe, waya upite chini yake.

"Ungekuwa mkorosho wa mama yako, ungeruhusu?"

"Ningeruhusu, bibi. Ila wakati wa kuchimba nisingeondoka."

Hapo nikampenda. Redio nimeisikiliza maisha yangu yote, haijawahi kunijibu habari ya shamba langu. Jioni tulikula ugali wa muhogo na samaki, Somoe akiigiza nilivyojifunika uso, mpaka wajukuu wake wakamwaga mchuzi kwa kucheka.

Ijumaa alasiri nilifika nyumbani. Fundi mkuu alikuwa amekaa kibarazani kwangu.

"Bibi, umeamuaje?"

"Mtapita. Lakini nje ya vivuli, kwa jembe la mkono."

Akashika kichwa. "Bibi, hapo mtaro unarefuka. Watu wangu wachache, kesho hatumalizi."

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa nauliza kama waya upite, kumbe swali lilikuwa upite wapi, na nani amesimama hapo anaangalia. Nikawaita wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia:

"Kesho hakuna wa kwenda mjini wala ufukweni. Jua likichomoza, kila mmoja na jembe lake mkoroshoni. Atakayekata mzizi mkubwa asinionyeshe sahani."