Mama Alivyochagua Mpira wa Kufutia Vioo

Harufu ya kitambaa kilicholala na maji bado hunichefua. Ikinifikia puani, narudi moja kwa moja kwenye umri wa miaka tisa, siku ambazo mama alisafisha madirisha ya Hajati, mjane mwenye nyumba kubwa aliyempa kazi tulipofika Kampala kutoka Bukavu.

Juu ya bati la Hajati walitua karoli, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaoshinda kwenye taka za soko la Kalerwe. Kinyesi chao cheupe kilitiririka kwenye vioo, kizito kama uji uliochacha. Mama alikipangusa kwa fulana kuukuu, nayo ikazidi kukisambaza. Mimi nilishika ndoo kwa mkono mmoja, pua kwa mwingine.

"Mama Neema," Hajati alisema, "Jumamosi wanakuja kumposa binti yangu. Wakiukuta uchafu huu, mimi na wewe basi. Katafute mpira wa kufutia, na usikawie. Mchagua jembe si mkulima."

Mama alikawia. Kule Kikuubo, kwenye vichochoro vya maduka ya jumla, mwenye duka alitutolea mmoja mpana, mpini wa rangi ya waridi. Mama aliupitisha ule ukingo wa mpira kwenye mdomo wake wa chini, taratibu, akitafuta penye mikwaruzo. Kisha, mbele za watu, akatema mate kwenye kioo cha kabati la duka, akayafuta.

"Nnyabo! We mama, unaharibu kioo yangu!"

"Siharibu, baba. Tazama, huu unaacha mistari."

Akatema tena. Akajaribu wa pili, wa tatu. Wa nne, mwembamba, mweusi, ukakiacha kioo kama hakipo. Watu walicheka. Nikajitenga na mama kama simjui.

Jumamosi madirisha yalimeta, posa ikakubaliwa, na Hajati mwenyewe akatuletea pilau uani. Mama alinawa kwa sabuni mara mbili, akamega tonge, akaninyooshea huku akitabasamu.

"Sitaki," nikasema. "Mikono yako inanuka kinyesi."

Hakunikaripia. Alilirudisha tonge, akaenda kuniombea kijiko, akanisogezea sahani. Hakunilisha tena kwa mkono wake.

Nimekuja kuelewa nikiwa nami nimezaa, kwamba uchafu ule ulimchefua yeye kuliko mimi, na hakuwa na wa kumwambia. Siku ile niliona tu kwamba pilau ni yangu peke yangu, nikaila yote.