Kompyuta Iliyoniona Nje ya Bweni

Kompyuta ilipoletwa shuleni kwetu, chini ya milima ya Matogoro, mwalimu wa jiografia aliivalisha kitambaa cha kufuma kama vile vya makochi ya nyumbani kwake, akatuonya tusiipumulie. Alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu Dar, na siku tatu hizo tulizisikia muhula mzima.

Huko alipewa disketi sita za programu ya kutunza vipimo. Unaiandikia kipimo, jina la mpimaji, tarehe na saa, nayo inavipanga vyote kwa kufuatana na wakati. Akataka kuingiza mvua ya shule. Mvua ya shule ilikuwa yangu. Kipimamvua kilikuwa nyuma ya bweni letu la wasichana, na kwa miaka miwili nilikwenda kukisoma kila siku saa tatu asubuhi na kuandika kwenye daftari. Niliipenda kazi ile kwa sababu chupa ya mvua haikuulizi maswali mbele za watu.

Kuiweka programu kulichukua siku mbili. Disketi ya nne ilikataa. Akaipuliza, akaifuta kwa tai yake ya mtumba, akaianika juani kama makopa ya muhogo. Ikakubali, nadhani kwa kuchoka. Kisha akaanza kuingiza daftari langu, kwa kidole kimoja. Nilipojitolea kumsomea alisema, "Hii si kazi ya kidato cha pili, binti." Palipoandikwa saa 3, akabonyeza 3. Mashine ile huanza kuhesabu siku usiku wa manane, kwa hiyo ikaelewa saa tisa za usiku. Miaka miwili yote.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisini. Mkuu wa shule alikuwa na karatasi zilizochapwa, na mwalimu wa jiografia amesimama pembeni.

"Shikamoo, madamu."

Hakuitikia. "Unatoka bwenini saa tisa za usiku kila siku?"

"Hapana, madamu. Ni saa tatu asubuhi."

"Kompyuta imeandika usiku. Inakusingizia? Ina ugomvi gani na wewe?"

Sheria ya bweni ilikuwa moja: anayetoka usiku anarudishwa kwao. Kwetu ni Lusewa, kwa baba aliyekuwa akilima tumbaku ili mimi nisome. Nilimtazama mwalimu. Ni yeye aliyekuwa akinipa ruhusa ya kutoka kipindini kwake kwenda kupima.

"Mashine haina sababu ya kudanganya, madamu," akasema. "Wanafunzi ndio wanazo."

Nikaomba daftari langu liletwe. Daftari, nikaambiwa, lilishapelekwa jikoni kuwashia moto, maana sasa shule imeendelea.

Mimi ni mtu wa kuomba chumvi mezani kwa kunyoosha kidole. Lakini nilikumbuka kwamba mwezi Machi nililazwa na malaria, na aliyepima badala yangu alikuwa nani.

"Madamu, naomba utazame Machi," nikasema, sauti ikitoka kama ya mbu. "Pale kwenye jina la mpimaji."

Kidole cha mkuu kilishuka polepole kwenye karatasi, kikasimama. Akavua miwani.

"Mwalimu. Usiku saba mfululizo, nyuma ya bweni la wasichana. Ulikuwa unapima nini?"

"Hiyo ni asubuhi, madamu," alijibu haraka. "Saa tatu. Hii mashine tu."

"Si umesema haina sababu ya kudanganya?"

Mwalimu akalegeza tai. Nilikaa kimya, na kwa mara ya kwanza kukaa kimya kulikuwa raha. Nikaambiwa nirudi darasani. Hakuna aliyeniomba radhi, wala sikutegemea.

Kesho yake mwalimu alinipa daftari jipya bila kunitazama. Saa tatu nikaenda kwenye kipimamvua: milimita kumi na mbili. Nikaandika ASUBUHI kwa herufi kubwa, nikampelekea mbele ya darasa zima asaini. Akasaini. Tangu siku hiyo nimempelekea kila siku, hata siku ambazo mvua haikunyesha.