Tundu Juu ya Kichwa cha Malkia

Nilianza kukusanya sarafu kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini Thika, mahali nilipokuwa nimeweka cherehani yangu. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kijana ambaye hajaoa, mwepesi wa kukasirika, na fundi mzuri wa suruali, hata kama ninajisifu. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyependa sarafu kuliko biashara. Wateja wakipungua, alitoa kisanduku chake, akaketi kando ya cherehani na kunionyesha moja moja: rupia za zamani, peni za mfalme aliyekaa kitini miezi michache akaondoka, shilingi zenye simba. Mimi nilikuwa naona pesa tu.

"Fundi, hapana shika tumbo yake," aliniambia siku ya kwanza. "Shika kando, pole pole. Na usisugue. Ukisugua, umeua."

Nilicheka, lakini nikashika kando. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa na mkebe wangu wa sigara wenye sarafu zangu mwenyewe, nyingi zikiwa zile ambazo yeye alikuwa nazo mbili mbili. Kwa furaha yangu nikazipeleka nyumbani na kuzisugua zote kwa majivu na limau, jinsi mama alivyonifundisha kusugua sufuria. Nilipomletea zikimetameta, mzee alikaa chini juu ya gora la khaki akashika kichwa. Hakunifukuza. Alinipa nyingine, akaniambia nianze tena, na mpaka leo namshukuru kwa subira ile, kwa maana mimi nisingekuwa nayo.

Malkia mpya alipotawazwa kule Uingereza, ndugu wa mzee aliyeishi huko alimtumia sarafu mbili za ukumbusho. Moja akanipa mimi. Ilikuwa kubwa, nzito, inajaza kiganja, na juu yake malkia amepanda farasi.

"Hii hapana ya kununua sukari," alisema. "Hii ya kukumbuka tu."

Watu waliniuliza baadaye kwa nini nilifurahi. Serikali ya malkia huyo haikuwa ikituonea huruma miaka ile. Hata kutoka Thika kwenda Ruiru kumsalimu mzazi kulihitaji karatasi ya ruhusa. Sikuipenda sarafu kwa ajili ya ufalme. Niliipenda kwa sababu kila nilichomiliki kilikuwa na kazi: sindano, mkasi, viatu, hata kofia. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yangu ya kwanza isiyo na kazi yoyote ila kutazamwa. Nilijiona tajiri.

Katika chumba nilichopanga Thika tulilala vijana wengi, na vitu vilikuwa na tabia ya kutembea. Kwa hiyo nilipopata ruhusa nilipanda baiskeli, nikapeleka mkebe wote kwa mama, upande wa juu wa Ruiru. Nikauweka chini ya kitanda chake. Ile ya malkia nikamkabidhi mkononi.

"Maitu, hizi zingine ni za kujifunzia," nikamwambia. "Lakini hii ikipotea, moyo wangu utavunjika. Ilinde kuliko zote."

"Nimesikia, baba," akasema. Aliniita baba kwa kuwa nilirithi jina la baba mkwe wake.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa ajili ya wale ambao hawakuziona pesa zetu za wakati ule. Senti, ndururu na peni zilikuwa na tundu katikati. Akina mama walizitunga kwenye uzi, wakafunga shingoni au kiunoni, chini ya nguo, na hapo hakuna mwizi wala mfuko uliotoboka wa kuwasumbua. Kwa mama yangu, pesa iliyo na tundu ilikuwa na mahali pa kulala. Isiyo na tundu ilikuwa inangoja kupotea.

Niliporudi safari iliyofuata, alinipokea kwa uso wa mtu aliyefanya jambo kubwa. Akavuta uzi wa mkonge kutoka shingoni. Peni zake zilikuwa zimejipanga, na katikati yao, ikining'inia, sarafu yangu. Ilikuwa imetobolewa.

"Nilimpelekea fundi wa baiskeli pale sokoni, akaitoboa kwa keke," alisema. "Ni ngumu hiyo, alitoa jasho! Nikasimama hapo hapo. Nikamwambia asimguse huyu mama, wala punda wake."

Kweli, hakumgusa. Tundu lilipita juu tu ya kichwa cha malkia, safi, bila mkwaruzo. Ngai! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kupiga kelele. Nikamtazama mama yangu, jinsi alivyokuwa akingoja nimsifu. Nikanywa uji wake, nikaondoka. Sarafu nikaiacha shingoni mwake, kwa kuwa niliona haina tena mahali katika mkebe wa mkusanyaji.

Mzee wa duka nilipomsimulia, alifumba macho kwanza. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

"Bei yake kwisha kabisa," alisema. "Lakini mama yako iko mlinzi mkali."

Wakusanyaji wa siku hizi husema hivyo hivyo kuhusu bei. Huigeuza sarafu ile, hutikisa kichwa, hunirudishia kwa huruma.

Kisha serikali ikatoa amri watu wahamishwe kwenye vijiji vipya. Habari zilinifikia nikiwa kwenye cherehani: kwamba upande wa kwetu watu walitolewa na askari asubuhi, na nyumba za zamani zikachomwa. Nilihangaika kupata ruhusa ya kusafiri. Mzee wa duka alifunga biashara yake, akaandamana nami ofisini, akaketi nami kwenye benchi mpaka karatasi ikapatikana. Hilo nalo sijalisahau.

Mama nilimkuta kwenye kijiji kipya, anakandika udongo kwenye ukuta wa kibanda ambacho hakijaezekwa. Mikono ilikuwa tope mpaka viwikoni. Vyungu vyake, kitanda, blanketi, mbegu alizoweka kwa ajili ya mvua, hakuna hata kimoja nilichokiona pale. Nilimshika mabega, nikamuuliza kama ameumia. Akasema hapana. Akajifuta mikono kwenye gauni, akauvuta uzi kutoka shingoni, akanivulia.

"Mkebe sikuufikia, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka kurudi ndani, wakanizuia, na paa lilikuwa limeshashika moto. Nimeokoa hii moja tu. Pole sana."

Nikasimama na uzi ule mkononi, bado una joto la mwili wake. Nyumba iliyoungua ilikuwa yake, na pole nikapewa mimi.