Vigae vya Mahame

Katika miaka ile ya utawala wa Wajerumani, kabla ya hayo nitakayoyaeleza, hali ya milima ya Uluguru ilikuwa hivi. Serikali ilikuwa imeamua kwamba misitu ya juu, yenye chemchemi za mito iteremkayo Morogoro mjini, iwekewe mpaka, na ndani ya mpaka huo mtu asilime wala asiingie bila kibali. Penye nyumba au shamba paliachwa nje. Penye miti tu palihesabiwa kuwa msitu. Ukoo wa mama yangu ulikuwa na mahame huko juu, mahali walipoishi na kuzikwa wazee wa kwanza kabla watoto wao hawajashuka na miti haijapafunika. Kwa mila yetu jembe na shoka haviingii hapo, na kwa sababu hiyo mahame yaliyoheshimiwa kuliko yote ndiyo yaliyofanana zaidi na pori. Urithi wake ulifuata upande wa mama, na aliyeyashika wakati huo alikuwa mjomba wangu.

Mimi nilikuwa karani wa Mjerumani aliyetumwa kuukagua mpaka. Nilikuwa nimesoma chuoni sarufi ya Kiarabu na fiqhi, kisha nikajifunza herufi za Kizungu katika shule ya Serikali. Bwana huyo alikuwa amekaa miaka kadhaa katika jangwa la Turkestani akipima magofu, na picha zake alizihifadhi katika sanduku la bati. Alasiri moja mvua ilipotuzuia, alizipanga mezani. Niliona kuta za udongo zilizolika kwa upepo hata zikawa kama mishumaa iliyokaribia kwisha. Niliona kuba la kaburi la mfalme, limesimama peke yake katikati ya tambarare. Niliona magenge meupe yaliyokuwa zamani sakafu ya bahari. Aliniambia aliokota humo meno ya papa, ilhali bahari ya karibu ilikuwa mwendo wa siku nyingi. Alisema pia kwamba huko kuna vilima vya mchanga vinavyonguruma upepo ukivigusa, na wenyeji husema ni ngoma za jeshi lililofukiwa humo.

Nilimwuliza jina la mji ule wenye kuta.

"Marw," akajibu.

Nililijua jina hilo. Chuoni tulikariri silsila, minyororo ya majina ya wapokezi wa hadithi za Mtume, na wengi wao walijulikana kwa nisba ya mji huo, yaani kwa jina litokanalo nao. Kwangu Marw ulikuwa mji wa watu hai, wenye vilemba na kalamu, wakisahihishana makosa. Sasa katika picha nilimwona mbuzi mmoja juu ya ukuta, na chini yake kivuli cha mbuzi. Tangu siku hiyo kila niliposoma silsila, baada ya kila jina nilimwona mbuzi yule.

"Bwana alijuaje kwamba hapa paliishi watu, na hapa hapakuishi?" nikauliza.

"Kwa vigae, karani. Ukuta wa udongo mvua huuyeyusha. Kigae cha chungu hakiyeyuki. Nikikiona, naandika kwamba watu walikaa."

Nikayakumbuka mahame yetu, yaliyojaa vigae: vyungu vya tambiko vilivyotobolewa matako, mitungi iliyovunjika, na jiwe la kusagia lenye shimo la vizazi vitatu au vinne. Nikamweleza. Akasema atapanda siku ya nne, na akiyaona hayo kwa macho yake atauzungusha mpaka, mahame yabaki nje.

Siku ya pili yake nikapanda kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona umekonda hivyo? Wino haulishi?"

Nikamwarifu kwamba mgeni mkubwa anakuja kuyatazama mahame, na kwamba akiridhika yatabaki yetu. Nikaishia hapo. Kumwambia mshika mahame asiguse hiki wala kile kungekuwa kumfundisha kazi aliyoirithi kabla mimi sijazaliwa, na malezi yangu hayakuniruhusu.

Siku ya nne tulipanda katika ukungu, Mjerumani na mimi. Mjomba alitungoja njiani na mtani wetu, bibi wa ukoo wa bondeni, ambaye kwa desturi ndiye awatanguliaye wageni mahali pa wafu wetu.

"Tangu nizaliwe," alisema bibi huyo akicheka, "sijawaona wafu wa ukoo huu wakiwa safi namna hii! Walikuwa wachafu kama walio hai."

"Nyamaza, mchawi wee," mjomba akamjibu kwa furaha. "Wako hata kaburini hawaogi."

Chini ya miti udongo mwekundu ulikuwa mtupu. Alama za ufagio zilikwenda zikipindana kama mawimbi ya mchanga katika zile picha. Kila mara nilipofika hapo tangu utotoni nilihisi kutazamwa. Siku hiyo sikuhisi kitu.

"Mjomba, vigae viko wapi?"

"Vigae? Ulitaka mgeni ajikate mguu? Nimevitupa korongoni, na jiwe lile bovu vijana wameliviringisha huko huko. Mgeni wa heshima haonyeshwi vitu vilivyovunjika."

Nilishuka korongoni kwa mikono na magoti. Mvua ya masika ilikuwa imejaza mto, na maji yalikuwa mekundu. Nilirudi mikono mitupu, nikamweleza bwana yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kule nilipima kilichobaki," akasema. "Siwezi kuandika kilichofagiwa. Lakini nikichimba hapa kiasi cha mkono mmoja, nikapata mifupa, inatosha."

Nikamfasiria mjomba kwa Kiluguru. Aliutazama udongo, kisha akanitazama mimi, na mtani wetu hakucheka tena.

"Mwambie akaanze na kaburi la mama yake."

Nilifasiri: "Anasema mila hairuhusu."

Mpaka ulipita chini ya mahame, nayo yakahesabiwa msitu. Mjomba alihamia Mlali, akafa huko, na tulimzika kando ya shamba la mahindi, kwa kuwa kibali cha kumpandisha kwa wazee wenzake hakikutolewa.